Bia ya nyumbani isiishe gesi kwenye pipa bila kununua mitambo ya mamilioni (Dodoma na kanda ya kati)

MtamaMweupe (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Swali hili linarudi kila mara kwa watu wanaojitengenezea bia nyumbani: "Bia ilitoka vizuri, nikaihamishia kwenye pipa, glasi za mwanzo zina povu safi, ikifika nusu imepoa kama maji. Mtungi wa gesi wa bei rahisi unapatikana wapi?"

Msimamo wangu nautoa mapema ili anayetaka kupinga apinge: mtungi wa gesi ndiyo kitu cha mwisho kununua. Bia nyingi zinazokufa kwenye pipa zimeuawa na mfuniko unaovuja na joto la hapa kwetu. Ukiweka mtungi juu ya pipa linalovuja, unalipia gesi ya kupulizia chumba.

Tuanze na joto, maana Dodoma ndiko kwenye shida. Gesi inayoipa bia uhai ni CO2, na kimiminika huishika zaidi kadiri kinavyokuwa baridi. Lita moja ya maji kwenye nyuzi 25, katika presha ya kawaida ya hewa, hushika kama robo tatu ya lita ya CO2. Ishushe mpaka nyuzi 5, inashika karibu lita moja na nusu. Mara mbili, na hujatumia senti kwenye gesi. Bia za kawaida za lager zina kama lita mbili na nusu za gesi kwa kila lita ya bia. Ili ikae hivyo kwenye nyuzi 5 unahitaji takriban psi 11 kwenye geji. Kwenye nyuzi 25 unahitaji karibu psi 33, yaani upepo wa tairi la gari dogo. Sasa mtu ana pipa la plastiki, amelisukumia ukutani kwenye chumba chenye bati mwezi wa kumi na moja, halafu anashangaa gesi imekwenda wapi.

Na sisi tupo juu, mita 1,100 na ushee kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo hewa ya hapa inasukuma kidogo kuliko ya Dar. Majedwali mengi ya mtandaoni yameandikwa kwa watu wa usawa wa bahari. Ukiyatumia, ongeza kama psi 2 kwenye geji yako.

Pipa lenyewe. Naomba hapa msome taratibu, maana ndipo mtu anapoweza kuumia.

Mapipa ya plastiki yaliyotengenezwa maalumu kwa bia ya nyumbani, yale yanayotumika sana Uingereza, yana valvu juu ya mfuniko inayoachia gesi presha ikifika kama psi 10. Yametengenezwa kwa bia za kwao zenye gesi kidogo, zinazonywewa zikiwa na ubaridi wa wastani tu. Pipa hilo likikaa kwenye nyuzi 25 hapa Dodoma, bia haitashika hata nusu ya gesi ya lager. Hiyo si kasoro ya pipa, ni joto.

Pipa la bluu lenye pete ya chuma, lile tunalohifadhia maji, halikutengenezwa kwa presha kabisa. Pigeni hesabu: mfuniko wenye upana wa sentimita 30, kwa psi 10 tu, unasukumwa na nguvu ya karibu nusu tani. Nusu tani juu ya pete ya bati. Limetulia leo, limetulia kesho, siku likiachia linaachia usoni kwa aliyeinama kulikagua. Tumia pipa la bluu kuchachushia, mfuniko ukiwa na njia ya kutolea gesi, halafu uhamishe.

Kinachofaa kwa mfuko mdogo ni ile keg ndefu ya chuma cha pua ya lita 19, iliyotumika kwenye mashine za soda. Nyingi zimeandikwa ubavuni kiwango cha juu cha psi 130, na hakuna bia itakayokaribia huko. Ukiipata mtumba, kagua oringi, ile mipira ya duara inayozuia kuvuja. Ziko tano: moja kubwa ya mfuniko, mbili ndogo za kwenye nipeli na mbili nyembamba za kwenye mirija. Mtumba mwingi huja na oringi zilizokauka na zinazonuka soda ya zamani. Badilisha zote, usichague.

Keg za baa ni mali ya viwanda vya bia. Usinunue ya mlango wa nyuma. Na keg yoyote ile usiifungue kabla ya kutoa presha yote. Watu wamekufa kwa hilo.

Kutafuta panapovuja. Changanya sabuni ya maji na maji kidogo, pakaza kwa sponji kwenye mfuniko, shingo ya koki na valvu, pipa likiwa na presha. Usikimbie, kaa uangalie. Panapovuja sana povu linaruka mara moja, lakini panapovuja kidogo unaona vitone vidogo vyeupe vinakua polepole kama mayai ya samaki, dakika nzima imepita. Hivyo vidogo ndivyo vinavyomaliza bia usiku. Kwenye nyuzi za koki zungusha tepu nyeupe ya mafundi bomba, ukifuata upande wa kukazia. Ukimaliza suuza sabuni yote, kwa sababu sabuni na mafuta huua povu la bia hata gesi ikiwepo tele. Ndiyo maana mfuniko haupakwi mafuta ya kupikia.

Gesi ya bure. Chachu iliyobaki ndani ya bia bado inafanya kazi. Ukiipa sukari kidogo baada ya kufunga, inatengeneza gesi humo humo na inakula oksijeni iliyoingia wakati wa kuhamisha. Gramu 4 za sukari kwa lita huleta kama gramu 2 za CO2, sawa na lita moja ya gesi kwa kila lita ya bia. Kwa pipa la plastiki la lita 20 lenye valvu, gramu 60 hadi 80 zinatosha, yaani vijiko vitano au sita vya chakula vilivyosawazishwa. Kwa keg ya chuma au chupa, gramu 6 hadi 7 kwa lita. Chemsha sukari na maji kidogo, poza, mimina chini ya pipa kwanza halafu uhamishie bia juu yake ijichanganye. Wiki moja hadi mbili kwenye joto la chumba, kisha iweke kwenye baridi.

Lakini bia iwe imemaliza kuchacha. Haidromita, kile kipimo kinachoelea cha kuonyesha sukari iliyobaki, isome namba ile ile siku tatu mfululizo. Pointi nne tu zilizobaki, mfano 1.014 kushuka mpaka 1.010, zinatosha kuleta gesi ya lita mbili kwa kila lita bila hata chembe ya sukari. Pointi kumi zikibaki umefunga bomu. Haidromita ni nafuu kuliko keg, kuliko regulata, kuliko tiba ya jicho.

Karibuni tuchangie. Uzi huu ni wa bia ya kunywa mwenyewe na familia. Anayetaka kuuza, leseni kwanza. Na gongo isiingizwe humu.

---

Kijana wa Kizota

Mkuu asante kwa madini haya. Jirani yangu ni fundi pancha, ana kompresa. Nikifunga valvu ya tairi la gari kwenye mfuniko wa keg, nikajaza upepo psi 10 bia ikipungua, si nitakuwa nimemaliza kazi kwa mia tano?

MtamaMweupe

Valvu ya tairi ni wazo zuri, upepo wa kompresa ndio mbaya. Sehemu ya tano ya hewa ni oksijeni. Bia ikikaa na oksijeni inaanza kuwa na ladha ya boksi lililolowa, na bakteria wa siki wanapata wanachokisubiri. Isitoshe kompresa za gereji hutema mvuke wa oili.

Na kuna jambo wengi hawalioni: upepo unaisukuma bia itoke, lakini hauirudishii gesi. Geji inasoma psi 10 na bia inaendelea kufa, kwa sababu kinachozuia CO2 isitoke kwenye bia ni CO2 iliyo juu yake, si hewa.

Kama ni sherehe na pipa linaisha usiku ule ule, pampu ya mkono ya baiskeli iliyo safi inakubalika. Kesho yake bia iliyobaki usimpe mgeni.

Kijana wa Kizota

Nimekupata. Na gesi ya jikoni je? Au gesi ya friji?

FundiBaridi

Naomba nijibu mimi maana gesi za friji ndiyo kazi yangu. Hapana, na hapana. Gesi ya jikoni inalipuka. Gesi ya friji haikutengenezwa iingie tumboni, na mpya nyingi zinawaka moto vilevile. Oksijeni ya kuchomelea usiiguse kabisa.

Kwa upande wa baridi: msikimbilie friji jipya. Tafuta friza la kulaza la mtumba ambalo kompresa yake ni nzima hata kama mlango una kutu, kisha funga themostati ya nje inayokata umeme kwenye nyuzi 5 au 6. Friza lenyewe bila themostati litagandisha bia yako. Usitoboe ukuta wa friza kupitisha mpira wa koki, mabomba ya gesi yamefichwa humo. Pitisha kwenye mfuniko.

Nakubaliana na mwanzisha uzi kuhusu sabuni na sponji. Mimi na vifaa vyangu vyote bado naanza na sponji.

Dada wa Ilazo

Wakuu, kwa asiye na friza: gunia la katani. Lizungushie pipa, lowesha, weka chini ya mti penye upepo na beseni la maji chini, ncha ya gunia iwe ndani ya beseni ili ijinyonyee yenyewe. Kiangazi, Juni mpaka Oktoba, hewa ya Dodoma ni kavu mno na upepo haukatiki, maji yanakauka haraka na pipa linapoa kweli kweli. Mvua zikianza Desemba, msaada wake unapungua sana.

Halafu niseme ukweli wangu. Sukari na chachu nakubali, ila pipa la kuchota kidogo kidogo kwa wiki tatu siliamini. Mimi nachukua chupa za soda za plastiki. Baada ya sendofu au kipaimara zinajaa ukumbini, unaomba tu. Chupa ya soda imetengenezwa kwa presha, mpya haipasuki mpaka psi 150 na zaidi, na mdomo wake ni mdogo kiasi kwamba hata kwa psi 60 kizibo kinasukumwa na kama kilo 15 tu. Linganisha na ile nusu tani ya pipa la bluu.

Jinsi ya kuitambua: igeuze utazame kitako. Ya soda ina miguu mitano iliyovimba. Ya maji ya kunywa ni laini na kitako chake ni cha mistari mistari, hiyo usiitumie, itavimba na kuinama. Tupa yenye mkwaruzo mkubwa au iliyowahi kutiwa maji ya moto.

Chupa ya lita moja na nusu naweka vijiko viwili vya chai vya sukari, vimesawazishwa. Najaza bia nikiacha nafasi ya vidole vitatu, naminya chupa mpaka bia ipande mdomoni, hapo ndipo nafunga. Ubavu unabaki umebonyea. Kila asubuhi naugusa. Unajinyoosha, unakaza, mwisho ukibonyeza kwa dole gumba hauingii. Geji ya bure hiyo. Ikikaza kupita kiasi nalegeza kizibo kidogo, inapumua, nafunga tena. Anayekunywa peke yake anafungua chupa moja, nyingine zinabaki na gesi yake yote.

MtamaMweupe

Dada, hii nzuri, na kwa mtu anayeanza naikubali kuliko keg. Naongeza kitu kimoja tu: mashapo. Chachu hutulia chini ya kila chupa, kwa hiyo mimina kwa mkono mmoja bila kurudisha rudisha chupa, glasi ya mwisho iache.

Wenye familia kubwa wagawe: nusu ya bia kwenye keg kwa siku ya wageni, nusu kwenye chupa kwa siku zijazo. Pipa linaloisha siku moja halihitaji mtungi wowote.

Mama Kimea

Vijana wangu, mimi natengeneza wujimbi, pombe yetu ya kienyeji ya mtama, si hii bia yenu ya kuchuja. Mwanangu kaniletea keg anataka niweke wujimbi humo tuupeleke kijijini kwenye sherehe ukiwa na povu. Mnanishauri nini?

MtamaMweupe

Shikamoo mama. Usiufunge, tafadhali. Wujimbi unanywewa ungali unachacha, ndani mna kimea, unga na sukari ambayo chachu haijaimaliza. Ukiufunga kwenye chombo kisicho na pa kupumulia, kwenye gari lenye joto, presha inapanda bila kikomo, na mashapo yanaweza kuziba hata valvu ya usalama. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu chuma kigumu kitakupa moyo na valvu haifanyi kazi.

Peleka kwenye dumu au pipa lenye mfuniko uliolegezwa, usilijaze mpaka juu, wakalikoroge wakifika. Povu lake ni la uchachu wake wenyewe na litakuwepo.

Mama Kimea

Marahaba. Nimeelewa, nitamwambia. Keg nitatunzia maji.

Mkulima wa Mpunguzi

Na sisi wa zabibu? Nina mvinyo mweupe nataka utoe mapovu.

MtamaMweupe

Mvinyo wa mapovu mengi unafika psi 70 hadi 90 ndani ya chupa, ndiyo maana chupa zake ni nene vile na vizibo vyake vinafungwa kwa waya. Kwenye chupa ya kawaida ya mvinyo usijaribu. Ukitaka mapovu ya kuchangamsha tu, njia ya chupa za soda ya dada hapo juu inafaa, sukari hiyo hiyo, mvinyo uwe mkavu umemaliza kuchacha na haujawekwa dawa ya kuua chachu. Tuwekee uzi wake mkuu, zabibu zinastahili uzi wao.

Kijana wa Kizota

Mkuu, tuseme nimeshapata keg, oringi mpya, haivuji, sukari imefanya kazi. Nikifika nusu presha inaisha tu. Hapo bado hutaki ninunue mtungi?

MtamaMweupe

Hapo sasa tunaongea. Sababu ni hii: kila lita unayochota inaacha lita ya nafasi tupu, na gesi inatoka kwenye bia kwenda kuijaza. Kumaliza keg ya lita 19 kwa psi 10 kunahitaji gramu 55 hivi za CO2 za kuchukua nafasi ya bia. Vile vikopo vidogo vya gramu 8 utahitaji saba kwa keg moja, ndiyo maana vinafilisi watu. Mtungi wa kilo 5, kama hakuna panapovuja, unasukuma keg zaidi ya themanini. Kwa anayetengeneza kila mwezi ni miaka, na mkigawana watu wanne watano mtaani hamtausikia.

Gesi yenyewe tunayo nyumbani. CO2 inavunwa kutoka ardhini kule Kyejo, wilaya ya Rungwe mkoani Mbeya, na kampuni ya TOL Gases. Hapa mjini waulize wanaojaza mitungi ya kuzimia moto na mafundi wanaochomelea kwa mashine za waya. Uliza iliyo safi ya vinywaji, na utaje wazi kuwa ni ya kinywaji.

Mtungi wa kuzimia moto wa CO2 una mrija unaofika chini, unatoa gesi ya maji maji. Ukiufunga regulata moja kwa moja utaiua. Fundi anayejaza autoe mrija huo, usijaribu mwenyewe. Mtungi wa kuzimia moto wa unga hauna CO2 ya kukufaa. Regulata iwe ya CO2, kwa sababu ndani ya mtungi kwenye nyuzi 20 kuna psi 830, na saa nane mchana ya Novemba inapita 1,000. Mtungi ukae umesimama wima, uufunge mnyororo, kivulini, chumba kiwe na madirisha wazi. CO2 ni nzito, inatuama chini na inaua bila kelele.

Asiye na mtungi atumie chachu. Nusu ya keg ikiisha na mtiririko ukianza kulegea, toa presha, mimina gramu 40 za sukari iliyoyeyushwa na kupozwa, funga, iache kwenye joto la chumba siku nne tano, irudishe kwenye baridi. Kwa pipa lenye koki chini, fanya kabla koki haijaanza kuvuta hewa. Utaisikia, inakoroma na mapovu yanapanda ndani badala ya bia kushuka. Ikifika hapo hewa imeshaingia.

FundiBaridi

Swali la mwisho mkuu. Yangu ina gesi nzuri ila inatoka povu tupu, nusu glasi ni povu.

MtamaMweupe

Pima joto la bia kwanza, ikizidi nyuzi 8 ndiyo sababu. Kama ni baridi, basi mpira wako wa koki ni mfupi au mnene. Tumia wenye tundu la milimita 5, urefu mita mbili na nusu, uuzungushe na uulaze ndani ya friza pamoja na keg usipate joto. Fungua koki yote kwa mkupuo, usiibane katikati, kule kubana ndiko kunakoichafua bia. Bia ikitoka polepole mno, kata sentimita kumi kumi mpaka mwendo ukupendeze, lakini anza na mrefu, mpira uliokatwa haurudi.